Kukariri Kulikuwa na Mshahara

Neno lenyewe wengi wetu tulilizoea mwaka 2022. Makarani wa Sensa ya Watu na Makazi walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mikononi, na hesabu ilipokwisha Serikali ikavigawa kwa walimu. Tangu hapo hakuna anayeuliza kishikwambi ni nini. Karani akikitumia, ni maendeleo. Mwalimu akikitumia, ni maendeleo. Mhubiri akisoma Biblia ndani yake madhabahuni, waumini wanaitikia amina. Mwanamuziki akikiweka mbele yake jukwaani, ni mvivu.

Naandika kwa sababu mjadala huu umenichosha, na kwa sababu wanaopaza sauti zaidi ndani yake ni watu wasiobeba gharama yake. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya umahiri, fasihi ya Kiswahili, hapa Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa nne naimba na kupiga kinanda katika bendi ya watu sita: Ijumaa na Jumamosi kila wiki, na Jumapili mchana kukiwa na harusi. Ada yangu ya chuo inatoka humo. Kishikwambi changu ni cha inchi kumi, kioo kimepasuka kona ya chini, nimekibana kwenye stendi ya maikrofoni, na ndani yake mna nyimbo 312 zenye maneno na kodi za gitaa (siyo zile za TRA).

Shutuma zenyewe mnazijua. Wazee wa dansi wanasema: sisi tuliimba kutoka kichwani. Wenye kumbi wanasema haipendezi machoni pa wateja. Vijana wenzangu ndio wanaonichekesha. Wanatupiga picha za video wimbo mzima, wanaangalia onyesho kupitia kioo cha simu ilhali sisi tupo mita tano mbele yao, halafu wanaituma na maneno chini yake: bendi au karaoke? Hao nawaacha na simu zao. Wazee nina maneno nao, kwa heshima, maana wao angalau walipiga.

Wanapotaja enzi yao wanataja bendi, na bendi hizo zina historia inayojulikana. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kikabadili jina, bendi nayo ikabadili: JUWATA, kisha OTTU, hadi Msondo Ngoma tunayoijua. Mlimani Park, Sikinde, ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha ikaenda DDC. Polisi walikuwa na bendi, Magereza walikuwa na bendi, jeshi na JKT vilevile. Vyombo vilikuwa mali ya shirika. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, mwenye mshahara wa mwezi kama karani na dereva, na mazoezi yalikuwa sehemu ya kazi aliyolipwa kuifanya. Tena bendi ilipiga nyimbo zake yenyewe. Watu walilipa kiingilio kusikia Sikinde ikipiga za Sikinde na JUWATA ikipiga za JUWATA, ndiyo maana ushabiki ule ulifanana na wa Simba na Yanga. Redio Tanzania ikazirekodi, ikazirudia asubuhi na jioni. Mwimbaji aliimba wimbo uleule wiki kwa wiki, miezi, miaka, na hata akiwa nyumbani anakunywa chai redio ilimkumbusha ubeti wa pili.

Katika mazingira hayo, nani hatakariri? Hata mimi ningekariri. Mzee anaponiambia wao walikuwa na vichwa, nataka aongeze kwamba kichwa kilikuwa na mshahara.

Sasa njoo uangalie usiku wetu mmoja. Ukumbi uko Sinza, harusi, watu 300. Kufungua, wimbo wa injili. Bibi harusi anaingia na wimbo wa Bongo Fleva ambao yeye na mwenzake wanauita wao. Keki ina wimbo wake. Wazazi wanataka rumba ya Kikongo ya miaka ya themanini, na wanataka ya msanii fulani, siyo yoyote. Shangazi wa bwana harusi wanataka taarabu. Marafiki wa ofisini wanataka zuku, kisha amapiano, kisha wimbo wa Kinaijeria ambao nusu ya maneno yake siyajui ni ya lugha gani. Mwenye sherehe ameleta mabadiliko kwa WhatsApp saa nne asubuhi ya siku hiyohiyo: jamani, ule wa kuingilia tumebadilisha. Malipo yangu ni shilingi 50,000 kwa usiku huo. Mazoezi hayalipwi. Saa tatu za chumba cha mazoezi pamoja na nauli za watu sita zinameza malipo ya mmoja wetu, kwa hiyo hatufanyi mazoezi ya nyimbo hizo; tunazisikiliza kwenye daladala. Hotelini ni hivyohivyo, ila huko wanaoagiza ni wageni, na mgeni wa kutoka Milano akitaka wimbo wa kwao atauliza kwa tabasamu kana kwamba ni jambo dogo.

Bendi ya namna hii ina jina: bendi ya kopi. Tunapiga za watu, nyingi, kwa taarifa fupi. Anayetaka tupige hivyo na wakati huohuo tuimbe kama watu waliolala na nyimbo hizo miaka kumi, anataka kazi ya bendi mbili kwa malipo ya nusu bendi.

Nina sababu nyingine, na hii ndiyo inayonifanya niandike kwa hasira. Katika bendi yetu yupo mwimbaji mwanamke aliyevuka hamsini, tunamwita Shangazi. Alianza kuimba kabla sijazaliwa. Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi. Mguu ulirudi, mkono ukarudi, sauti ikarudi mapema kuliko vyote viwili, ya kwake ileile yenye mchanga chini. Maneno ndiyo hayakurudi yote. Anaweza kuimba ubeti wa kwanza hadi ukumbi unanyamaza, kisha ubeti wa pili unafungua mlango na ndani hamna kitu. Tulimwekea kishikwambi, herufi kubwa kama za bango la barabarani, maandishi meupe kwenye weusi. Jumamosi ya kwanza aliimba nyimbo saba. Hasomi kila neno. Anatupa jicho mwanzoni mwa mstari kama mtu anayegusa ukuta gizani, kisha anaendelea mwenyewe.

Hoteli moja tuliyokuwa tunapiga kila Jumamosi ilimpata meneja mpya. Wiki ya pili akamwita kiongozi wetu pembeni. Hataki vioo vinavyowaka jukwaani. Wageni wanalipa kuona watu wanaojua kazi yao. Kiongozi alieleza habari za Shangazi. Meneja alisikiliza kwa adabu, akasema pole sana, akasema vioo vitoke. Sisi wengine tuliweza kuficha karatasi nyuma ya kinanda na chini ya maikrofoni. Shangazi haoni karatasi kwenye taa zile. Jumamosi zake zikaisha. Sasa anaimba kwenye harusi tu, wiki ikiwapo.

Kwa hiyo mtu akiniambia suala hili ni la ladha na mwonekano, namuuliza: mwonekano wa nani, kwa gharama ya nani?

Turudi kwa historia, maana ndiko wanakokimbilia. Wanasema asili yetu ni mdomo na kumbukumbu, karatasi ni ugeni. Nimekaa na tenzi za kale kwa miaka miwili ya masomo na siwezi kuliacha hilo lipite. Utendi wa Tambuka, nakala yake ya mwaka 1728, unaitwa pia Chuo cha Herekali, na chuo hapo ni kitabu. Ndiyo maana ya zamani ya neno hili ambalo leo tumeliachia majengo yenye mageti na walinzi. Mwana Kupona, mwaka 1858, katika beti za mwanzo kabisa za utenzi anaomwachia binti yake, anamwagiza alete wino na karatasi. Utenzi ule ulikuwa wa kughaniwa kwa sauti, na bado kitu cha kwanza mama anachodai ni vifaa vya kuandikia. Upwa wote huu watu walinakili tenzi kwa hati za Kiarabu na kuzighani huku wameshika karatasi mikononi. Nenda kwenye maulidi leo, Unguja, Lamu au Magomeni: Barzanji inasomwa kitabuni, sauti inapanda, watu wanalia, na sijamsikia yeyote akilalamika kwamba msomaji hakukariri.

Mimi nimekulia kwenye kwaya. Kule kulikuwa na Tenzi za Rohoni, na jirani zetu Wasabato walikuwa na Nyimbo za Kristo, na Walutheri na Mwimbieni Bwana yao. Mwalimu wa kwaya aliandika do-re-mi ubaoni kwa chaki, ule mfumo wa tonic sol-fa uliosambazwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, nasi tukanakili kwenye madaftari ya kurasa 96. Nusu ya waimbaji wa Bongo wanaojisifu kwamba hawajui nota walijifunza sauti ya pili kutoka kwenye daftari la namna hiyo. Wameficha daftari tu.

Najua hoja inayofuata, maana huja kila mara: Siti binti Saad hakuwa na kishikwambi. Kweli. Hakupata elimu ya shule, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na nyimbo zilitoka kifuani. Lakini Siti alikuwa na nini? Alikuwa na kundi la watu walewale waliokutana usiku baada ya usiku, wakitunga pamoja, wakiimba habari za mji wao kwa watu wa mji huohuo. Hakuna aliyemtumia ujumbe saa nne asubuhi kumwambia leo aimbe kwa lugha ya Wasweden. Ukitaka tuwe kama Siti, tupe maisha ya kundi la Siti, kisha uondoe stendi zetu.

Wapo pia wenye kuleta mfano wa Ulaya, kwamba wapiga piano wakubwa hukaa mbele ya kinanda mikono mitupu. Desturi hiyo haina umri wanaoudhani. Clara Schumann, akiwa bado msichana katika miaka ya 1830, alipopiga bila nota walikuwapo waliomwona anajishaua. Yeye na Franz Liszt ndio walioifanya kuwa fasheni. Na Sviatoslav Richter, ambaye hakuna mwenye akili atakayemwita mvivu, katika miaka yake ya mwisho alipiga na kitabu mbele yake na taa ndogo juu ya kitabu, ukumbi uliobaki gizani.

Hata hivyo, nisijifanye kwamba kumbukumbu ni kitu kidogo. Somo langu lote limesimama juu yake. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yalikaa vinywani mwa watu kwa miongo kabla Mwalimu Sikujua na Mzungu W. E. Taylor hawajayaandika, na kitabu chake hakikuchapwa hadi mwaka 1940. Ukisoma mashairi yale na kukumbuka kwamba yalivuka muda huo kwa ulimi, unakaa kimya. Lakini yaliyotufikia ndiyo tunayoyahesabu. Yaliyosahaulika hayana mtetezi, kwa sababu hakuna anayejua yalikuwa mangapi.

Mpiga gitaa la solo wa bendi yetu ni mzee aliyepiga kwenye bendi za mashirika ujanani. Yeye ndiye pekee ambaye shutuma yake naiheshimu, kwa sababu haina falsafa ndani yake. Siku moja aliniambia: "Mwanangu, ukiangalia hicho kitu hunioni nikikuita." Anazungumzia chemko, pale wimbo unapoongeza kasi na gitaa kushika usukani. Mwisho wa chemko hauandikwi popote. Yeye hunyanyua shingo ya gitaa, mpiga ngoma anaona, mimi naona, tunageuka pamoja. Ukichelewa kuona, umeachwa nje kama abiria aliyeshuka daladala kununua maji. Vivyo hivyo kwenye taarabu: mtu anakuja kutunza, amenyanyua noti, anataka ule mstari aliokuja kwa ajili yake uimbwe usoni mwake, na wengine ukumbini wanajua unamhusu nani. Mwimbaji mwenye macho kwenye kioo wakati huo amekosa fedha, tena amekosa wimbo wenyewe.

Kwa hiyo nina masharti yangu, na nayafuata. Kishikwambi kinakaa usawa wa kiuno, upande, siyo kati yangu na watu. Mwanga chini kabisa, maana uso uliomulikwa kutoka kidevuni unafanana na wa mtu anayesimulia hadithi za majini. Intaneti imezimwa ili ujumbe wa mikopo usishuke katikati ya kiitikio. Mistari haijisogezi yenyewe, kamwe. Nina kanyagio dogo la kugeuza ukurasa kwa mguu. Kwenye ufuo wa bahari mchana kioo hakionekani na betri inapata homa, kwa hiyo huko napiga ninazozijua. Haya ni mambo ya ufundi, yanazoeleka, na anayeshindwa kuyazoea asikilaumu chombo.

Sasa niwageukie wenzangu wa rika langu, ambao hadi hapa mlikuwa mnatikisa vichwa kuniunga mkono.

Fungueni vishikwambi vyenu. Nimewahi kuazima cha mwenzangu wa bendi nyingine, changu kilipoisha chaji. Kilikuwa na nyimbo zaidi ya 500. Nilitafuta za Kiswahili nikapata kumi na tisa, na mojawapo ni ile Malaika ambayo kila hoteli inaidai na ambayo hadi leo watu hawajakubaliana nani aliitunga. Zilizobaki zote zilikuwa za Kiingereza, za Marekani na Uingereza, nyingi zilizotoka kabla wazazi wetu hawajakutana. Sikumuuliza kwa nini. Ukilazimika kuandaa orodha kwa haraka unajua kwa nini. Tafuta wimbo wa Kiingereza wa mwaka 1975: utapata maneno yake, kodi zake, kwa funguo tano tofauti, na mtu ameshasahihisha makosa ya mwenzake. Tafuta wimbo wa dansi uliopigwa Dar es Salaam mwaka huohuo: utapata sauti iliyopandishwa na shabiki mmoja mwenye moyo, picha ya bendi imetulia kwenye kioo, na chini yake watu wanakumbushana walikuwa wanaishi wapi. Maneno hamna. Yakiwapo yameandikwa na mtu au mashine isiyojua Kiswahili kinakatika wapi, kiambishi kimebaki huku na mzizi umekwenda kule, na ukiimba ilivyoandikwa unamtukana mama wa mtu bila kukusudia.

Kiongozi wa bendi aliyepewa saa mbili kupanga nyimbo thelathini atachagua zilizomo. Hakuna aliyekaa kikao kuamua bendi za Dar na Zanzibar ziache nyimbo za kwao. Zinaachwa moja moja, kila Jumamosi, kwa sababu upande mmoja kuna faili na upande wa pili hakuna. Mgeni amesafiri saa kumi na moja angani kuja Nungwi, anakaa mchangani, anaimbiwa nyimbo alizoziacha redioni kwao, na bendi ya Kitanzania inayomwimbia inasoma. Hapo kicheko cha wazee kina haki, ila kinaelekezwa pabaya. Wanacheka kwamba tunasoma. Wangecheka tunachokisoma.

Na hata mtu akikaa kuandika wimbo wetu, anauandika kwa umbo lililoshonwa kwa mwili wa mtu mwingine. Karatasi ya kodi juu ya maneno inamfaa mtu mmoja mwenye gitaa moja. Programu karibu zote zinafuata umbo hilo: maneno, na herufi za kodi zimepachikwa juu au katikati yake. Sasa chukua wimbo wa dansi wa dakika nane. Kodi zake ni tatu, C, F na G, na karatasi ikishakwambia hivyo inadhani imemaliza. Wakati wimbo wote uko kwingine. Uko kwenye namna solo na ridhimu zinavyojibizana, kwenye gitaa la pili linalopita katikati yao, kwenye besi inayonyamaza pale unapoitarajia, kwenye mahali tarumbeta zinapoingia na mahali waitikiaji wanapomdaka mwimbaji kabla hajamaliza mstari. Mpe kijana karatasi ya C, F, G na atapiga C, F, G kwa usahihi kabisa, na mzee wangu wa solo atazima kikuza sauti chake aende kuvuta sigara. Taarabu ya kale ni zaidi. Wimbo uliojengwa juu ya maqam kama Bayati una sauti inayokaa kati ya vitufe viwili vya kinanda changu. Fidla inaipata. Udi unaipata. Karatasi itaandika Dm na kuendelea na safari.

Kwa hiyo msiniambie mna maktaba. Mna vitabu vya nyimbo za watu wengine, na vichache vyetu vilivyotafsiriwa vibaya kuwa vyao.

Tangu Machi, kila Jumanne jioni, mimi na mzee wa solo tunakaa nyumbani kwake Temeke kuandika. Yeye kioo hataki kukiona. Anashika gitaa lisilo na umeme, anapiga, ananiamrisha. Tumeacha programu za kodi, natumia ukurasa wa kawaida wa kuandikia kisha naugeuza PDF. Kodi tunaziandika mara moja juu kabisa, kwa sababu ni tatu. Nafasi iliyobaki ni ya mambo yenyewe. Hapa besi inanyamaza. Hapa waitikiaji wanaingia juu ya silabi ya mwisho ya mwimbaji. Hapa taja jina la mtu aliyepo ukumbini, siyo la kwenye santuri. Hapa acha kusoma, mtazame solo, zunguka hadi anyanyue shingo ya gitaa. Mstari huu wa mwisho tumeuweka kwa herufi nyekundu katika karibu kila ukurasa, na ndio pekee alioniomba nimwonyeshe kwenye kioo. Tumemaliza nyimbo 41. Nimezituma kwa bendi tatu tunazozijua, bure, kwa sharti kwamba kila bendi irudishe moja ambayo sisi hatuna. Mbili zimerudisha. Ya tatu imeshukuru kwa emoji.

Wiki iliyopita Shangazi alikuja nasi Temeke kwa ajili ya wimbo mmoja ambao yeye na mzee wameupiga pamoja, kwa hesabu yao, miaka thelathini. Ubeti wa kwanza ulikwenda bila shida. Kwenye ubeti wa tatu wakagombana. Mzee anasema mwanamke wa kwenye wimbo anasema "nimechoka". Shangazi anasema hapana, tangu lini, anasema "nimechoshwa". Mzee akasema santuri ipo. Tukaisikiliza kwenye simu mara sita, na pale kwenye neno tarumbeta inapita juu ya silabi, husikii chochote. Shangazi akasema yeye ndiye aliyekuwa akiuimba, mzee alikuwa akiangalia vidole vyake. Mzee akasema aliyeutunga alikaa naye chumba kimoja. Ilifika saa tatu usiku, mke wa mzee akaleta ugali na dagaa, ugomvi ukaendelea juu ya sinia, nani kachoka na nani kachoshwa na kama mwanaume wa kwenye wimbo anastahili lawama au hastahili. Karatasi ni lazima iwe na neno. Nimeandika yote mawili, mkwaju katikati, na Jumapili kwenye harusi ya Mbagala anayeimba ni Shangazi.